Fundo la Akina Hai

Mzee Tingxiu aliandika jina la ukoo wake kwenye karatasi nyekundu, akarudi nyuma kuitazama kazi yake, kisha akaichana. Ilikuwa ya tatu asubuhi ile. Ya kwanza, pembe ilikuwa fupi. Ya pili, kisu kilikuwa butu. Hii ya tatu, ng'ombe alifanana na mbuzi. Ndivyo herufi yetu ilivyo: kushoto pembe, kulia juu kisu, na chini ya kisu ng'ombe. Watu wa kale walimchinja ng'ombe wakamtoa pembe, wakaviweka vyote vitatu mahali pamoja, na hadi leo sisi tunaitana kwa herufi hiyo.

"Baba, karatasi zitakwisha," alisema Mancang, mwanawe, aliyekuwa akipepeta mtama wa njano wa kutengenezea vitumbua vya sherehe.

"Zitanunuliwa nyingine. Jina halinunuliwi."

"Sawa. Na mjomba wake Suosuo je, naye atanunuliwa?"

Mzee akachovya brashi kwenye wino kana kwamba hakusikia. Mancang akachukua ungo akaenda pango la mwisho, maana kwetu vyumba huchimbwa ubavuni mwa korongo, kuchota mtama zaidi kwenye jeneza la baba yake. Msishtuke. Kwetu mzee akishafika umri hujitengenezea jeneza mapema, na muda wote anaolisubirisha halikai bure: hutiwa nafaka, maana panya hawapenyi. La Mzee Tingxiu lilikuwa la mberoshi, mbao nene kama kiganja kilicholazwa ubavu, na sifa zake zilikuwa zimevuka mabonde mawili.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya Suosuo, bintiye Mancang, aliyekuwa anatimiza miaka kumi na miwili. Mtoto wa kwetu akitimiza mwaka mmoja hufungwa shingoni kufuli dogo la fedha kwa kamba nyekundu, ili uhai wake usimponyoke. Kila siku yake ya kuzaliwa kamba huzungushiwa kitambaa kipya chekundu juu ya kile cha zamani, hata mwishowe shingo hubeba kitu kinene kama mkia wa kondoo. Akifika kumi na miwili kufuli hufunguliwa, kamba huchomwa, naye huwa mtu kamili. Anayefungua ni yule yule aliyefunga, naye ni mjomba, kaka wa mama yake. Baba hawezi. Babu hawezi, hata awe na elimu inayomwagika masikioni. Kufuli lisipofunguliwa kwa wakati wake, mtu hukua mwili tu, moyo ukabaki umefungwa nyuma.

Mjomba wake Suosuo hakuwa amekanyaga kijiji chetu kwa miaka minane.

Ni vigumu kumweleza mgeni jina letu. Ukiliandika ni moja. Ukilitamka, ni kama mwanamume mwenye wake watatu, kila nyumba anaitwa kivyake. Likiwa jina la ukoo, serikalini na redioni husoma Xie. Mgeni asiyejua husoma Jie, kwa kuwa ndivyo herufi hiyo isomwavyo mtu anapofungua mzigo au anapotegua fumbo. Sisi wa korongoni tunasema Hai, kwa sauti inayoshuka kama ndoo kisimani, na kwa sauti hiyo hiyo husema mtu ameelewa jambo. Usiichanganye na hai yako ya kupumua, ndugu msomaji. Hii ni yetu, na wazee wetu waliitamka hivyo kabla redio haijaota hata waya.

Mwaka juzi Mzee Tingxiu alikwenda zahanati jino likimuuma. Muuguzi akaita, "Jie Tingxiu." Mzee kimya. Mwingine akamsaidia mwenzake, akaita, "Xie Tingxiu." Mzee akawa anatazama dari. Alirudi nyumbani na jino lake, shavu limevimba kama andazi, akasema amekaa pale asubuhi nzima na hakuna mtu aliyemwita.

Basi asubuhi ile ya karatasi nyekundu Suosuo alikuwa amemshikia babu yake kijiwe cha kusagia wino. Kufuli likaning'inia kifuani mwake, zito, na shingo yake ikawa imeinama mbele kidogo kama kawaida.

"Babu, nitajie tena maana zake."

Mzee huwa hasubiri kuombwa mara mbili. "Kufungua fundo. Kumkata mnyama vipande. Kutawanya watu. Kukata kiu. Kueleza. Kuelewa. Na zamani, ikisomwa kwa sauti nyingine kabisa, kumpeleka mfungwa mbali chini ya ulinzi."

"Kukata na kuelewa ni herufi moja?"

"Moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kitu kisichofunguliwa huwezi kujua ndani mna nini." Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyelibuni mwenyewe. Kisha brashi ikadondosha tone la wino, na karatasi ya nne nayo ikaharibika.

Mimi nimezaliwa na herufi hiyo, nimeiona kwenye vizingiti, makaburini na kwenye magunia ya tende, na bado hunitia hofu ya heshima. Jinsi kitu kidogo hivyo, ambacho ukikiandika kwa haraka hakizidi ukubwa wa kunguni, kinavyobeba kisu cha mchinjaji, akili ya msomi na minyororo ya mfungwa bila kupasuka. Wenzetu wa lugha nyingine husema fumbo hufumbuliwa na fundo hufunguliwa. Sisi yote mawili tuna mlango mmoja. Lakini mganga hajigangi, na katika nyumba ile, iliyojua maana zote, kulikuwa na fundo ambalo hakuna aliyeligusa.

"Nimefikiri," alisema Mzee wakati wa chakula. "Yule muuza tofu wa kule barabarani ni wa ukoo wa Bai. Mama yake Suosuo alikuwa Bai. Bai ni Bai. Tumpe chupa ya pombe na kanzu mpya, afungue, aende zake."

"Mjomba wa kukodi?" Mancang akaacha vijiti hewani.

"Wa muda."

Suosuo hakuinua uso kutoka kwenye bakuli la tambi. "Basi na mimi mtafutieni Suosuo wa kukodi, akafunguliwe."

"Msikie huyu! Ulimi huu umeutoa wapi?"

"Kwa babu yangu," alisema, akaendelea kula. Lakini machozi yalikuwa yameanza kudondokea kwenye mchuzi, na wanaume wale wawili wakajifanya hawayaoni. Baada ya sherehe angekwenda shule ya bweni mjini, na alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake kwamba hataondoka na kufuli. Tena watu walisema sura ya mjomba ndiyo sura ya mama yake, nusu kwa nusu. Picha za mama zilikuwapo, ila picha haigeuki ikakutazama.

*

Mama yake, Lianzi, alichukuliwa na homa ya mapafu wakati wa mvua za kiangazi, Suosuo akiwa na miaka minne. Alikuwa mwanamke wa mkono wa kushoto, mcheshi, na baba mkwe wake alizoea kumgombeza kwamba anakata tambi kinyume na dunia.

Kwetu jeneza la mwanamke halipigiliwi misumari hadi watu wa kwao waje. Wao humtazama uso, hugusa blanketi lake, hugonga mbao kwa kifundo cha kidole wasikie. Wakisema sanda ni duni, inabadilishwa. Wakisema jeneza halifai, linabadilishwa, hata kama wafiwa watauza punda. Nao hawaingii kijijini hivi hivi. Husimama kwenye jiwe la kusagia pale njia panda, hadi wafiwa watoke na vitambaa vyeupe kichwani, wawapokee kwa magoti. Siku hiyo mjomba ni mkubwa kuliko mfalme.

Barabara ilikuwa imekatwa na tope. Mzee Tingxiu akatangaza kwamba saa njema ya maziko inapita, akaamuru misumari ipigwe. Bai Jincheng, kaka yake Lianzi, alifika kwa miguu, tope hadi magotini. Akasimama kwenye jiwe la kusagia. Hakutoka mtu. Akaingia mwenyewe, akakuta kifuniko kimepigiliwa. Aliweka kiganja juu yake, akagonga mara moja, akatega sikio.

"Jina lenu ni Kufungua," aliwaambia, kwa sauti ya chini kabisa, "na hamkuweza kuacha msumari mmoja."

Akageuka, akarudi kwenye mvua. Hakumwona dada yake.

*

Siku chache kabla ya sherehe, Mancang alimwendea. Alivuka bonde na mikate kumi ya mvuke yenye alama nyekundu juu, na chupa ya pombe, akamkuta Jincheng uani anakata manyoya ya kondoo. Mke wa Jincheng alipokea mikate kwa mkono mmoja, akaiweka chini karibu na mbwa.

"Habari za siku nyingi, shemeji," alisema Mancang.

Mikasi iliendelea kulia.

"Shemeji, mtoto anatimiza kumi na miwili."

"Mshike huyu mguu," alisema Jincheng.

Mancang akapiga magoti kwenye mavi ya kondoo akaushika mguu. Akaushika wa pili, na wa tatu. Kondoo mmoja akatoka, mwingine akaletwa. Kila alipofungua mdomo aliambiwa, "Kaza," au "Si hapo, hapo," kama kibarua wa siku ya kwanza. Majirani walipita langoni wakachungulia, mmoja akauliza kwa sauti kama ukoo wa Hai umeanza kukodisha wanaume. Jua likaenda. Nguo zake za kutokea zikawa zinanuka beberu.

Kondoo wa mwisho alipoachiwa, Jincheng alifuta mikasi kwenye suruali. "Hivi anafananaje?"

"Nani?"

"Nimekuuliza kuhusu kondoo?"

Mancang akameza mate. "Anasimama kama mama yake. Ana ulimi wa babu yake."

"Masikini," alisema Jincheng, na isingalikuwa ile siku ya misumari, pengine wangecheka. "Tarehe naijua. Nililifunga mwenyewe lile kufuli. Nenda, giza litakukuta."

Hakusema atakuja. Hakusema haji. Mancang alitembea njia nzima akiyageuza yale maneno, na akiwa mwana wa mtu anayeeleza kila kitu aliona aibu kurudi na kitu kisichoeleweka.

"Amesemaje?" aliuliza Mzee.

"Amesema tarehe anaijua."

Mzee akachukua karatasi nyingine nyekundu.

*

Siku yenyewe kijiji kizima kilikuwa uani. Vitumbua vya mtama vilikuwa vinachemka kwenye mafuta, nyama ya kondoo ilikuwa imeiva, wapiga zumari wawili walikuwa wamevimbisha mashavu. Kwenye mlango wa pango la katikati ilibandikwa karatasi nyekundu, na juu yake herufi yetu, kubwa kama beseni. Safari hii pembe, kisu na ng'ombe vilikuwa sawa. Suosuo alikaa chini yake kwenye kigoda, nguo nyekundu, miguu pamoja, anatazama njia. Kando, muuza tofu alikuwa amekaa na kanzu mpya, anakula bila haya, maana Mzee alikuwa amemwalika "endapo tu".

Adhuhuri ikakaribia. Wageni wakaanza kunong'onezana ile minong'ono inayokusudiwa kusikika.

"Kufuli litakutwa na jioni."

"Si pana tofu?"

Ndipo mtoto mmoja akaja mbio. "Kuna mtu kwenye jiwe la kusagia. Amesimama tu."

Watu wote wakageuka. Kutoka uani njia panda inaonekana vizuri: mtu mrefu, koti la kijivu, mikono mitupu. Zumari zikapamba moto kumkaribisha. Hakusogea. Mancang akampungia mkono, akamwita, "Shemeji, karibu, chakula kinapoa." Hakusogea.

"Ana nini huyu?" wakaulizana. "Anataka machela?"

Mzee Tingxiu alikuwa ameelewa. Niliuona uso wake wakati huo, nami sitausahau. Ulikuwa uso wa mtu aliyeisoma herufi maisha yake yote na ndipo herufi ikamsoma yeye. Aliingia ndani, tukasikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka, alikuwa amejifunga kichwani kitambaa cheupe cha msiba.

Siku nyekundu. Sherehe ya mtoto. Mzee mwenye mvi kumvalia nyeupe mke wa mwanawe, kinyume cha daraja zote tulizofundishwa na yeye mwenyewe. Mwanamke mmoja alifunika mdomo. Zumari zikafa katikati ya wimbo, na kilichobaki ni mafuta kuchemka.

"Baba," alisema Mancang, "umepatwa na nini? Leo ni siku ya mtoto."

"Nipishe."

Alishuka ile njia peke yake, taratibu, kwa kuwa magoti yake hayakuwa mazuri. Sisi tukamfuata kwa mbali. Alipofika mbele ya jiwe la kusagia alijishikilia kwenye jiwe, akakunja goti moja, kisha la pili, akaweka paji la uso vumbini.

Jincheng aliruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mkubwa akimpigia magoti mdogo, kwetu, anampunguzia umri. "Mzee, simama. Usinipunguzie siku. Simama nakuambia." Mzee hakusimama. Jincheng akatazama huku na huku, akakosa pa kukimbilia, akapiga magoti na yeye. Wakawa wanatazamana vumbini, vichwa vinakaribia kugongana.

"Sikuja kutaka hivi," alisema Jincheng. "Nilifika hapa, miguu ikagoma. Basi tu."

"Miguu yako ina haki," alisema Mzee. Kisha akasema kwa sauti, ili tuliokuwa nyuma tusikie. "Saa ya maziko ilikuwa haijapita. Nilisema uongo. Nilimlaza dada yako kwenye mbao za mti laini wa kando ya mto, nikapaka rangi nene. Nilijua utagonga. Nilijua ukikuta wazi utasema jeneza libadilishwe, na la kubadilishia lilikuwa moja tu, langu. Nikasema pigilieni."

Mancang, aliyekuwa amechota mtama katika jeneza lile kila wiki kwa miaka minane, alitazama mikono yake.

"Nilijua," alisema Jincheng. "Niligonga."

"Mbona hukusema mbele ya watu?"

"Ningesema, mtoto wake angekulia katika nyumba gani?"

Mzee alilia kama watoto wanavyolia, bila kujificha. Jincheng akamshika kwapani akamwinua, akamvua kile kitambaa cheupe, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni mwake mwenyewe. "Twende," alisema. "Nina kazi ya kufanya."

*

Kufuli lilifunguka kwa urahisi. Ufunguo ulikuwa na kutu kidogo, Jincheng akautia mafuta ya vitumbua, ukazunguka, tukapiga vigelegele. Iliyobaki ilikuwa kamba. Desturi ni kuikata kwa mkasi, kwa kuwa nani mwenye subira ya kufungua vitambaa vya miaka yote ile? Mkasi uliletwa kwenye sinia.

Jincheng aliutazama mkasi, akautazama ule mlango wenye herufi. "Nimekata vya kutosha," alisema, akaanza kufungua kwa vidole.

Fundo moja moja. Chakula kikapoa kweli. Muuza tofu akalala. Hakuna aliyeondoka. Vitambaa vya juu vilikuwa vya kazi ya Mancang, mafundo makubwa ya kufungia magunia, vilivyopauka kwa jua na jasho, vyote vimezungushwa kuelekea kulia. Vikaanguka chini kimoja baada ya kingine, na shingo ya Suosuo ikawa inanyooka kidogo kidogo.

Kisha vidole vya Jincheng vikasimama. Kitambaa kilichofuata kilikuwa chekundu kama kilichonunuliwa jana, kwa kuwa jua halikuwahi kukiona. Mafundo yake yalikuwa madogo, ya kupendeza. Na kilikuwa kimezungushwa kuelekea kushoto.

"Kuna nini, Mjomba?" aliuliza Suosuo.

"Hapa ndipo anapoanzia."

"Nani?"

"Mama yako."

Suosuo akainua mkono, akaupapasa ule mzunguko, polepole, akiufuata kwa kidole jinsi ulivyokwenda. Hakuwa na kumbukumbu ya mikono ile, na ilikuwa imemshika shingoni miaka yote. Sisi tuliokuwa pale, watu wa kelele, tulisimama kama tuko mbele ya kitu kilichoshuka kutoka mbinguni.

"Nifundishe," alisema. "Nifungue mwenyewe hivi vya ndani."

"Anza kwa mkono wa kushoto," alisema mjomba wake.

Wakafungua pamoja, yeye mbele na mjomba nyuma ya shingo, hadi kamba ikatoka. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe, duara zima. Suosuo aliinua kichwa, na kweli, alisimama kama mama yake.

Mancang alikuwa amekwisha kuleta sufuria ya makaa, maana kamba na vitambaa lazima vichomwe vyote, kisibaki hata uzi. Hakuna aliyeijua sheria hiyo kuliko Mzee Tingxiu. Sote tukamtazama yeye.

Mzee aliinama akaokota vile vilivyopauka, akavitia motoni mwenyewe. Vile vyekundu hakuvigusa.

"Hivyo mpeni kaka yake Lianzi," alisema. "Hakumwona."